Mume wangu hataki kufunga duka siku ya Idi

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ngamiani, hapa hapa Tanga. Mume wangu ana duka la vyakula na vitu vya nyumbani, na kwenye kona ya duka tuna meza ya uwakala wa pesa za simu. Watoto wakienda shule mimi ndiye ninayekaa dukani hadi adhuhuri, kwa hiyo usinione kama mwanamke asiyejua shilingi inavyotafutwa.

Shida yangu ni sikukuu. Tulipooana tulikuwa tukifunga duka Idi Mosi na Idi Pili. Mume akitoka kuswali anakunywa chai na watoto, tunavaa, tunakwenda kwa mama mkwe, jioni watoto wanapelekwa Raskazone au bustani ya Jamhuri wakapande bembea na kula aiskrimu. Siku hizi hayo hakuna. Ilianza tulipochukua mkopo wa kununua friji na kuongeza mzigo. Akasema, "Nafungua kidogo tu watu wapate barafu." Hicho kidogo kikawa nusu siku, nusu siku ikawa siku nzima. Sasa Idi Mosi akirudi kuswali anakula vitumbua viwili amesimama, anavua kanzu, huyo anakwenda dukani mpaka saa nne usiku. Pilau yake nampelekea kwenye hotpoti.

Wageni wakija wananiuliza, "Baba watoto yuko wapi?" Najibu yuko dukani, wananitazama. Wifi yangu ameshasema mbele za watu kwamba kaka yake ameoa duka. Mwanangu wa pili aliniambia safari hii nisimnunulie baba kanzu mpya, kwani haivai hata saa moja.

Kijana wa dukani yupo, mtoto wa Kisambaa kutoka Lushoto, mwaminifu na anaswali. Lakini mume wangu hataki kumwachia droo siku yenye watu wengi, kwa hiyo wanashinda wote wawili.

Nikimwambia afunge, ananionyesha jirani yetu. Kuna kaka mmoja wa Rombo ana duka hatua chache kutoka letu. Yeye Krismasi anafunga, anakwenda kwao mpaka mwaka mpya, na siku hizo sisi tunauza hasa. Lakini Idi yeye anafungua. Mume wangu anasema, "Nikifunga, wateja wote wanahamia kwake na hawarudi tena."

Idi hii iliyopita tuligombana. Nilimwambia pesa ya siku ya Idi haina baraka, ni haramu kuacha ndugu na kukimbilia biashara siku ya Mungu. Akanijibu, "Haramu ni kudaiwa." Tangu hapo tunaongea mambo ya chumvi na sukari tu.

Somo, nimwite mjomba wake amseme? Au ninyamaze? Moyo wangu unaniambia Idi kubwa ikifika niwachukue wanangu twende kwa mama yangu Muheza, yeye abaki na duka lake.

Mama wa Watatu, Ngamiani

*

Marahaba mwanangu,

Nianze na hilo neno haramu, maana hapo ulikwenda kombo. Kuuza duka siku ya Idi si haramu. Kinachokatazwa siku hiyo ni kufunga saumu. Hata Ijumaa, ambayo Sura ya Jumua imetuamrisha tuache biashara tunapoitwa kwenye swala, aya inayofuata inasema swala ikiisha tawanyikeni katika ardhi mkatafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Mumeo anaswali kwanza, kisha anafungua. Ukimwita mla haramu kwa chakula anachokulisha wewe na wanao, hata ukiwa na hoja nyingine kumi nzuri hatazisikia. Mwombe radhi kwa neno hilo moja. Mengine yote unaweza kubaki nayo, kwani kutamani mume akae na watoto wake siku ya Idi ni haki yako, wala huhitaji kuitafutia dhambi ya kuibeba.

Sasa jibu alilokupa. Umeliandika halafu ukaendelea na safari yako kama vile hakusema kitu. "Haramu ni kudaiwa." Hilo si jibu la mtu mwenye uroho wa pesa. Wewe mwenyewe umeniambia mambo yalibadilika mlipochukua mkopo wa friji na mzigo. Je, unajua marejesho ni kiasi gani na yanaangukia tarehe ngapi? Unakaa dukani kila asubuhi, lakini barua yako nzima haina hesabu hata moja. Nina wasiwasi kwamba unajua mauzo ya mchele na hujui deni. Mwanamume anayedaiwa hawezi kukaa sebuleni kupokea wageni na akili imetulia. Atakaa kwenye kochi huku macho yako kwenye simu, na watoto wataona hivyo hivyo kwamba hayupo.

Kwa hiyo mazungumzo yenu ya kwanza yasiwe ya Idi kabisa. Usiku mmoja watoto wamelala, mwambie akuonyeshe daftari la madeni: mnalodaiwa, na mnalodai kwa watu. Naongeza hilo la pili kwa makusudi. Maduka ya mitaani kwetu yanabeba mikopo ya wateja mwezi mzima, na Ramadhani ndio mwezi ambao watu wanakopa kuliko yote, tambi leo, sukari kesho, ngano keshokutwa. Huenda kilichomo kwenye hilo daftari ni kikubwa kuliko mauzo ya Idi Mosi tatu. Wiki mbili za kuwafuata wadaiwa kwa upole kabla ya sikukuu zinaweza kufanya kazi ambayo mumeo anadhani itafanywa na kushinda kwenye kaunta mpaka saa nne.

Na jirani wa Rombo. Hapa, mwanangu, mumeo amejijibu mwenyewe bila kujua. Krismasi jirani anafunga, anakwenda kwao, wateja wake wanakuja kwenu, mnauza hasa. Haya, akirudi mwezi wa kwanza wateja wake wanafanya nini? Kama wangekuwa wamehamia moja kwa moja, lile duka lingekufa zamani. Watu wa mlima ule wa Kilimanjaro wanakwenda kwao kila Desemba, mpaka imekuwa utani nchi nzima kwamba wanakwenda kuhesabiwa, na bado maduka yao yapo kila mtaa wa nchi hii. Mteja haachi duka kwa sababu limefungwa sikukuu ya mwenye duka. Analiacha kwa mizani mbovu, kwa mdomo mchafu, au kwa kukuta kila siku unga umekwisha. Halafu wale walioandikwa kwenye daftari hawana pa kwenda, jirani hawajui kiasi cha kuwakopesha.

Mwulize mumeo swali hilo kwa utulivu: "Wateja wa jirani tuliowapata Krismasi, tumebaki na wangapi?" Usimjibie. Mwache ahesabu.

Hizi barabara za namba za Ngamiani zimekaliwa na watu wa dini zote tangu hatujazaliwa, na wenye maduka walishapata dawa ya jambo hili bila kikao wala mwenyekiti. Idi anafunga huyu, yule anafungua. Krismasi na Pasaka anafunga yule, huyu anafungua. Mtaa haukosi kiberiti. Ingependeza mumeo aende kwa jirani, amwambie wazi, "Idi Mosi mimi nafunga, watu wangu nitawaelekeza kwako, na Krismasi wewe waelekeze wako kwangu." Jirani atafurahi, na heshima itakaa pande zote mbili. Na mpelekeeni pilau.

Sasa biashara yenyewe. Wewe na mumeo wote mnazungumza kama vile pesa ya Idi inapatikana mchana wa Idi. Mimi naona kwa duka la vyakula pesa hiyo inaingia usiku wa kuamkia. Watu wamekaa wanasubiri mwezi, tangazo la Mufti linatoka, na hapo mji mzima unaamka. Huyu amesahau bizari nzima, yule anataka mafuta, mwingine ndiyo kwanza mumewe amempa pesa. Kuna zakatul fitri pia, ile pishi ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, kama kilo mbili na nusu za mchele hivi, na inatakiwa itoke kabla ya swala. Nyumba ya watu wanane ni pishi nane, usiku huo huo. Na miaka ambayo wenzetu wanaofuata mwezi ulioonekana popote duniani wanatangulia kula Idi, mwenye duka anapata usiku wa kuamkia mara mbili! Hapo ndipo mumeo akeshe. Asifunge hadi saa nane za usiku akitaka, nawe ukae naye kaunta, kijana apime, wewe upokee pesa.

Asubuhi ya Idi baada ya swala kuna wateja, sikatai: mkaa, barafu, soda, kitunguu. Ikishapita saa sita jiko la kila nyumba limeshaiva. Anayebaki kuja ni mtoto mwenye mkono wa Idi anataka pipi na puto, na hata huyo akipata noti nzuri anaipeleka Raskazone. Uwakala nao, benki zimefungwa, floti, yaani salio lenu la uwakala, ikiisha au pesa taslimu zikiisha ni shida kujazia, meza inabaki pambo. Kwa muuza aiskrimu pale ufukweni, Idi ni siku ya mavuno. Kwa muuza sembe na sabuni ya mche, alasiri ya Idi ni kufukuza nzi.

Lakini usimwambie hivi kama mtu anayehutubia. Huenda duka lenu lina lake. Kama Idi ijayo ikikuta hamjaelewana, basi angalau mwombe aandike mauzo ya kila saa, kuanzia anapofungua mpaka anapofunga. Mwenye duka hashindani na maandishi ya mkono wake.

Akiandika, kwenye upande wa matumizi aandike na mshahara wa kijana. Na hapa nataka kukusema kidogo. Umeniandikia kurasa kuhusu mume asiyekaa na watoto wake siku ya Idi, na katikati umepita juu ya mtoto wa watu kwa mistari miwili. Ni mwaminifu, anaswali, anashinda dukani Idi nzima, basi. Lushoto hana mama? Hana wadogo zake wanaouliza kaka anakuja lini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu ya taifa analipwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Kwa Idi el-Fitri sikukuu ni siku mbili, kwa Idi el-Haji ni moja. Najua mnavyosema wenye maduka: huyu ni kijana wetu, anakula kwetu, sheria hizo ni za viwandani. Sheria haikuandika hivyo. Mkimlipa inavyotakiwa mtaona faida ya Idi Mosi inavyopungua, na pengine hiyo peke yake itamshawishi mumeo kuliko maneno yangu. Msipomlipa, basi yale uliyosema kuhusu baraka yana mahali pake, ila si pale ulipoyaelekeza.

Kumruhusu nako kuna mpango wake. Idi ndogo hamwezi kumwachia aondoke mapema, kwa sababu usiku wa kuamkia mnamhitaji, na tarehe haijulikani hadi mwezi uonekane. Basi akiswali Idi Mosi apewe nauli, mkono wake wa Idi, na kitu cha kubeba nyumbani, aulize basi mapema maana siku hiyo magari ni ya kusaka. Akipitia Muheza, Korogwe na Mombo, kisha kupandisha mlima, kabla ya magharibi anaweza kuwa kwao. Arudi siku ya tatu. Mwenye duka aliyekesha usiku mzima hawezi kukosa mikono ya kuuza chumvi siku mbili.

Jambo lingine ambalo hukuniuliza. Tuseme amekubali, amefunga, amevaa kanzu yake. Utamweka wapi? Nauliza kwa sababu nimeona wanaume wengi wa pwani siku ya Idi. Saa nne asubuhi sebule imejaa mashangazi, jikoni kuna moshi na makelele, watoto wanakimbia na bastola za maji, na yeye hana kazi yoyote isipokuwa kuitikia "Idi mubarak" na kutoa noti. Ikifika saa saba anatafuta baraza ya wenzake au analala. Baadhi yao wanakwenda dukani kwa sababu dukani ndiko wanakojua la kufanya. Mpe kazi ya siku ile, na iwe yake kweli. Yeye ndiye awazungushe watoto kwa babu na bibi na kwa wazee wa mtaa kutoa mkono wa Idi, ndiye awapeleke Raskazone alasiri, ndiye ashike pesa zao zisipotee mchangani. Wewe usiende nao. Waache.

Maana na wewe, mwanangu, Idi umefungua duka lako, ila lako liko jikoni. Unaamka alfajiri kuchambua mchele, unapokea wageni hadi usiku, unaosha masufuria, na hujalalamika hata neno. Zungumza na huyo wifi mwenye ulimi. Kama anahesabu nani yuko dukani, na ahesabu na nani yuko jikoni. Yeye alete kachumbari na juisi, mama mkwe atoe biriani, wewe ubaki na pilau tu. Jioni ukae nje na nguo yako mpya, uonekane.

Mjomba usimwite bado. Mjomba anaitwa mambo yakishindikana, na ninyi hamjajaribu hata kukaa na daftari pamoja. Ukimleta sasa, mumeo atafunga duka kwa kumwonea haya mjomba, na atakununia sikukuu nzima. Ya Muheza, nenda, lakini si kwa kususa. Nenda Idi Pili, nendeni wote, au yeye afungue siku hiyo nanyi mtangulie awafuate jioni. Watoto wakizoea kwamba Idi maana yake ni kumkimbia baba, kuwarudisha ni kazi.

Anzeni na Idi kubwa hii inayokuja. Hiyo ni rahisi kuliko ndogo kwa mwenye duka, kwa sababu iko tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, mwezi ukiandama mnakuwa na siku tisa hivi za kujipanga. Mumeo aandike kwa chaki mlangoni wiki nzima kabla, "Idi Mosi tumefunga, nunueni mapema." Kijana aondoke kabla ya Arafa, siku ambayo mchana watu wengi wamefunga na duka limepoa. Wewe umpokee nafasi yake hapo kaunta. Siku yenyewe watu watagonga mlango wa nyumbani, hilo litakuwepo. Mtoto akitumwa kiberiti au chumvi, mpeni aende, hiyo si kufungua. Ila ukisikia "nakwenda kufungua dirisha dogo tu," mkumbushe lile la barafu lilivyoanza.

Kama atasema siku nzima haiwezekani kwa sababu rejesho linaangukia wiki hiyo, mkubalie afunge kuanzia saa sita mchana, na uwe umeliona hilo rejesho kwa macho yako kwenye karatasi. Na kama atakataa hata nusu siku, niandikie tena, na safari hiyo uniandikie na kiasi mnachodaiwa.

Somo